Wameliona giza kwa mwanga gani? Maada ya giza na ziada ya miale ya gama

Mwishoni mwa Novemba 2025 nilitumiwa habari moja na watu sita tofauti ndani ya siku mbili. Vichwa vilifanana: wanasayansi wameiona maada ya giza kwa mara ya kwanza. Kwenye kundi letu la familia mmoja akaandika kwamba sasa sayansi imekiri ulimwengu wa majini. Mwingine akauliza kama hayo mashimo meusi yatatumeza. Mjomba wangu mwenye duka la rejareja Tanga, ambaye hapendi maneno mengi, alituma ujumbe wa sauti wa sekunde tano: "Mjomba, hilo giza wameliona kwa mwanga gani?"

Sikuweza kumjibu kwa sekunde tano. Najaribu hapa kwa urefu, kwa sababu habari yenyewe ni tamu kuliko vichwa vyake, na kwa sababu tumechanganya pamoja mambo mengi ambayo kila moja lina njia yake. Jibu fupi ni hili: hakuna aliyeiona maada ya giza. Kilichoonekana ni mwanga uliobaki baada ya mwanga mwingine wote kuondolewa kwenye hesabu. Huenda mabaki hayo yametoka kwenye maada ya giza, huenda hayakutoka huko. Ugomvi wote umo ndani ya hiyo "huenda".

Tuanze na neno maada. Maada ni chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi: chumvi, maji ya bahari, mfupa, hewa, Jua. Maada ya kawaida hujitambulisha kwa mwanga. Ama inatoa mwanga wake kama nyota, ama inaurudisha kama mwezi, ama inauziba kama wingu la mvua. Sasa fikiria kitu chenye uzito ambacho hakifanyi hata kimoja kati ya hivyo. Mwanga unapita ndani yake kama vile hakipo. Hicho ndicho kinachoitwa maada ya giza, na jina lenyewe limechangia kutupoteza, maana giza tunalolijua huziba. Ukuta mweusi ungetuzuia kuona nyota zilizo nyuma yake. Maada hii haizuii kitu. Ni angavu kuliko kioo safi kabisa.

Kama haionekani, nani alisema ipo?

Chukua jiwe, lifunge kwenye kamba, ulizungushe kama kombeo. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo kamba inavyokuuma kiganja. Kamba ikiwa dhaifu kuliko kasi ya jiwe, itakatika na jiwe litakwenda zake. Angani kamba ni nguvu ya mvutano. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, hukimbia kwa kilomita 47 hivi kwa sekunde. Neptuni iliyo mbali kabisa hutambaa kwa kilomita 5 tu, kwa kuwa huko mvutano wa Jua umepungua. Ndivyo ilivyotarajiwa hata kwa nyota zinazozunguka ndani ya galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota kama huu wetu wa Njia Nyeupe: zilizo pembezoni ziende polepole.

Haziendi polepole. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford, wanaastronomia wa Marekani, walipima galaksi moja baada ya nyingine, wakianzia na jirani yetu Andromeda, wakakuta nyota na gesi za pembezoni zinakimbia karibu sawa na za ndani. Kwa kasi ile zingepaswa kuchomoka. Mapema zaidi, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona jambo la namna hiyo katika kundi zima la galaksi liitwalo Coma: galaksi zilikimbia mno kuliko uzito wa vinavyoonekana ungeweza kuzishika. Jiwe linazunguka kwa kasi, kamba tunayoiona ni nyembamba, na bado haikatiki. Basi ipo kamba nyingine tusiyoiona. Vipimo vya baadaye, vya namna mbalimbali kabisa, vimekubaliana kwamba kwa kila kilo moja ya maada ya kawaida ulimwenguni kuna takriban kilo tano za hii isiyoonekana.

Hapo baadhi ya maswali ya kundi la familia yanajibika. Shimo jeusi ni kitu kingine: ni uzito mkubwa uliobanwa mahali padogo, mahali unapoweza kupanyooshea kidole kwenye ramani ya anga. Maada ya giza imetandazwa kama ukungu mpana unaoizunguka galaksi nzima, sisi tukiwa ndani yake. Haimezi mtu. Ukichukua nafasi yote iliyojazwa na dunia hii, kuanzia Mlima Kilimanjaro hadi upande wa pili wa sayari, maada ya giza iliyomo humo kwa wakati wowote haifiki kilo moja ya unga. Inapita katikati yetu, kimya, sasa hivi unaposoma. Nishati ya giza nayo ni jambo jingine tena, linalohusu jinsi ulimwengu unavyotanuka. Limepewa tu jina linalofanana.

Na majini? Hilo ni suala la imani, na hakuna darubini iliyotengenezwa kulipima. Kinachotafutwa hapa ni chembe yenye uzito, inayotii mvutano kama jiwe linavyoutii, isiyo na hiari wala nia. Ni vyema tukaiacha imani mahali pake na chembe mahali pake.

Sasa miale ya gama. Mwanga tunaouona kwa macho ni kipande chembamba cha ukoo mrefu. Upande mmoja wa ukoo huo kuna mawimbi ya redio, yanafuata ya maikrowevu na miale ya joto, kisha rangi za upinde wa mvua, kisha miale inayotuunguza ngozi, kisha eksrei za hospitali. Mwisho kabisa, penye nguvu nyingi kuliko pote, ndipo penye gama. Mwanga wa aina yoyote husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo fotoni, na nguvu ya kifurushi hupimwa kwa kipimo kiitwacho elektronivolti. Fotoni ya taa ya sebuleni hubeba kama 2. Fotoni ya gama iliyozua habari ya Novemba hubeba bilioni 20, ambazo wataalamu huzifupisha kuwa GeV 20. Kifurushi kimoja cha namna hiyo ni sawa na bilioni kumi vya taa ya sebuleni.

Gama za angani hazitufikii, na hilo ni la kushukuru. Hewa iliyo juu yetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita kumi juu ya kila paa, na humo zinakwama. Anayetaka kuziona lazima apande juu ya hewa. Hapa pwani yetu ina sehemu yake katika historia hii, na nasikitika kwamba haifundishwi. Baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kulikuwa na jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama majini kwa miguu ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, iliruka kutoka hapo satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksrei za angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, satelaiti ya Marekani ya kunasa miale ya gama. Ilifanya kazi miezi saba tu kabla umeme wake kuharibika, ikanasa fotoni chache mno kwa vipimo vya leo, lakini kutokana nazo watu waliona kwa undani zaidi jinsi ukanda wa Njia Nyeupe unavyong'aa kwa gama. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa ipo karibu na ikweta. Huko mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa bure, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka eneo lenye chembe nyingi za kuvuruga vipimo. Kituo cha Malindi kiliendelea hata baada ya jukwaa kunyamaza: data za Swift, satelaiti ya Marekani inayowinda milipuko ya gama, hushushwa hapo.

Mrithi mkubwa wa SAS-2 ni darubini ya Fermi ya NASA, iliyorushwa Juni 2008. Inazunguka dunia zaidi ya kilomita 500 juu yetu, mzunguko mmoja kwa dakika tisini na kitu, na kila saa tatu hivi huwa imelipitia anga zima. Haina lenzi wala kioo, kwa sababu gama hupenya vyote viwili. Ndani yake kuna tabaka za tangsteni, madini mazito. Fotoni ya gama ikigonga tabaka hilo hugeuka kuwa chembe mbili, elektroni na pacha wake wa chaji kinyume, pozitroni, nazo huacha alama zinapopita kwenye vipande vya silikoni. Anayezisoma alama hizo hufanya kama mvuvi anayetazama nyayo za kaa mchangani asubuhi: kaa mwenyewe hayupo, lakini alikotoka na uzito wake vinasomeka.

Tumefika penye fundo. Maada ya giza haitoi mwanga. Nimelisema hilo mwenyewe hapo juu. Imekuwaje sasa itafutwe kwa mwanga?

Kuna dhana, tena ni dhana tu, kwamba maada ya giza ni chembe nzito ambazo karibu hazigusani na kitu chochote, ila mbili zikikutana uso kwa uso huangamizana. Zinatoweka, uzito wao unageuka kuwa chembe za kawaida zisizodumu, nazo zikivunjika hutoa miale ya gama. Chembe za dhana hii huitwa kwa kifupi WIMP. Kama dhana ni sahihi, gama hizo zina tabia tatu za kutambulika. Nguvu yao haiwezi kuzidi uzito wa chembe iliyoangamia. Zitoke upande wowote wa anga ambako maada ya giza imerundikana. Na wingi wao upande upesi kuliko mrundikano wenyewe: uchochoro wa Kariakoo wenye watu mara mbili hauna migongano mara mbili, una mara nne. Ndiyo maana wote hutazama kitovu cha Njia Nyeupe, umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000, yaani mwanga wake hutumia miaka 26,000 kutufikia, ambako maada ya giza inadhaniwa kuwa nzito kuliko popote jirani. Ukitaka kujua ni wapi, simama nje Agosti baada ya Isha, mbali na taa za mji, utazame juu ukiegemea kusini kidogo. Kundi la nyota la Mshale, ambalo mabaharia wetu walilijua kwa jina la Kausi, limekaa palepale.

Shida ni kwamba kitovu ndipo pia penye makelele. Nitarudi dukani kwa mjomba, maana yeye hili atalielewa kuliko mimi.

Kila jioni mjomba hufunga hesabu. Anajua sukari imetoka kilo ngapi, vocha za kiasi gani, mafuta ya kula chupa ngapi, na hivyo anajua droo inapaswa kuwa na nini. Siku moja droo ina shilingi elfu nane zaidi. Pesa zipo mkononi. Zimetoka wapi? Labda kijana wa dukani aliuza sabuni bila kuandika. Labda mteja alileta deni la mwezi jana. Labda bei ya mchele kwenye daftari ni ya zamani, na hapo hata hiyo "ziada" yenyewe haipo, ni kosa la daftari. Mjomba hawezi kuanza na dhana kwamba mgeni asiyemjua aliingia akaacha zawadi. Anaweza kufika huko, lakini baada ya kumaliza mengine yote.

Anga la gama lina daftari la namna hiyo. Sehemu kubwa ya mwanga wake hutoka kwa chembe za kasi zinazogonga gesi iliyotanda kati ya nyota. Nyingine hutoka kwa mabaki ya nyota zilizolipuka, nyingine kwa galaksi za mbali zenye mashimo meusi yanayorusha michirizi ya mwanga upande wetu. Pia kuna mapovu mawili makubwa ya gama, yaliyogunduliwa mwaka 2010 kwa data za Fermi, moja juu na jingine chini ya kitovu, kila moja likiwa na urefu wa miaka ya nuru kama 25,000. Mtu huandika vyote hivyo, hujumlisha, hutoa kwenye mwanga uliopimwa, kisha hutazama kilichobaki.

Oktoba 2009 Lisa Goodenough na Dan Hooper walifanya utoaji huo kwenye kitovu na wakabaki na kitu. Gama za ziada, zenye nguvu ya GeV 1 hadi 3, zikiwa zimekizunguka kitovu kama joto linavyozunguka jiko. Zililingana na maada ya giza kiasi cha kushangaza. Tangu hapo makundi mengi yamerudia hesabu kwa njia zao na ziada haikuondoka. Pesa za droo hii zipo kweli, na kuhusu hilo karibu wote wanakubaliana.

Lakini kuna mshukiwa mwingine: pulsa. Nyota kubwa ikifa yaweza kuacha kiini chenye upana wa kilomita 20 hivi, kama kutoka Posta hadi Mbezi Mwisho jijini Dar es Salaam, kikiwa na uzito uliozidi wa Jua zima. Baadhi ya viini hivyo huzunguka mamia ya mara kwa sekunde na kutoa gama. Na kwa bahati mbaya, gama zao zina nguvu ileile ya GeV chache. Maelfu ya pulsa hizo zikijificha kitovuni, kila moja dhaifu mno kuonekana peke yake, kwa pamoja zingetoa ukungu wa mwanga ule ule.

Namna ya kuzitofautisha ni kuangalia kama mwanga ni laini au una chembechembe. Mchanga wa bahari ukiutazama kutoka ghorofani ni shuka moja nyeupe; ukiinama unaona punje. Maada ya giza ingetoa mwanga laini, pulsa zingetoa punje. Mwaka 2015 makundi mawili, kila moja kwa mbinu yake, yalisema yameona punje. Watu wengi waliifunga kesi hapo. Mwaka 2019 Rebecca Leane na Tracy Slatyer wakaonyesha kwamba mbinu ya kundi mojawapo inaweza kudanganyika: ukipandikiza mwanga laini wa maada ya giza wa kubuni ndani ya data, hesabu inaweza kuupachika kwa pulsa. Slatyer huyo alikuwa mmoja wa waandishi wa kazi ya 2015. Alirudi kuikagua kazi yake mwenyewe na kutangaza udhaifu alioukuta. Mimi jambo hilo lilinifanya niiamini fani hii zaidi kuliko ugunduzi wowote niliotangaziwa.

Kuna kisa kingine kinachostahili kukumbukwa na kila anayesoma vichwa vya habari. Aprili 2012 Christoph Weniger alitangaza dalili ya gama zilizojikusanya karibu na GeV 130, upande wa kitovu. Mstari mwembamba wa nguvu moja kama huo ungekuwa ushahidi mzito, kwa sababu ni vigumu kufikiria nyota au gesi inayoweza kuutoa. Ulizua msisimko mkubwa. Kisha watu wakaangalia mahali pasipo na sababu yoyote ya kuwa na maada ya giza nyingi: ukingo wa angahewa ya dunia yenyewe, unaong'aa gama kwa kugongwa na chembe za angani. Dalili ya GeV 130 ikaonekana hata huko. Data zilipoongezeka na kusafishwa upya, mstari ulififia hadi ukaisha. Weniger akaendelea na kazi. Ni mmoja wa wale walioleta hoja ya pulsa mwaka 2015.

Ndipo tunafika Novemba 2025. Tomonori Totani wa Chuo Kikuu cha Tokyo alichukua data za Fermi za miaka 15 akafanya jambo la busara: akauacha kando ukanda wenyewe wa Njia Nyeupe, penye makelele, akatazama juu na chini yake. Baada ya kutoa vyote alivyovijua alibaki na mng'ao mpana, wa umbo la ule ukungu unaotarajiwa kuzunguka galaksi, wenye kilele karibu na GeV 20, ukiwa hauonekani chini ya GeV 2 wala juu ya GeV 200. Kama ni chembe zinazoangamizana, kila moja ingekuwa na uzito wa protoni (chembe ya kiini cha atomu) kama 500 hadi 800. Na kauli yake ya kwamba binadamu ameiona maada ya giza ilianza na sharti: ikiwa hili ni sahihi. Sharti hilo ndilo lililodondoka njiani kabla habari haijafika kwenye simu zetu.

Mkanganyiko uliongezwa na jambo lililotokea mwezi mmoja kabla. Oktoba 2025 lilitoka chapisho jingine, lililotumia mifano ya kompyuta ya jinsi Njia Nyeupe ilivyojengeka, likionyesha kwamba maada ya giza ya kitovuni inaweza kuwa na umbo lililobonyea linalofanana na la nyota, na kwa hiyo hata kama umbo la ziada ya zamani linafanana na la nyota, hilo pekee halitoshi kuitoa maada ya giza kwenye orodha ya washukiwa. Wengi walisoma habari hizi mbili kama habari moja iliyothibitishwa mara mbili. Sivyo. Ile ya Oktoba ilihusu ziada ya kitovuni ya GeV 1 hadi 3, inayohitaji chembe yenye uzito wa protoni makumi machache. Ya Totani ni ziada nyingine, ya nguvu kubwa zaidi, mbali zaidi na kitovu, inayohitaji chembe nzito zaidi ya mara kumi. Chembe moja haiwezi kwa urahisi kuzaa zote mbili. Hazishikani mkono, kwa kiasi fulani zinashindana.

Kwa upande wa Totani ipo hoja nzuri: pulsa hazimsumbui sana, maana mwanga wao hupungua haraka ukipita GeV chache, haupandi kufikia kilele kwenye 20. Dhidi yake zipo mbili. Ya kwanza ni daftari. Mbali na kitovu mwanga ni hafifu, na kosa dogo katika kukadiria gesi, au katika umbo la yale mapovu mawili, linaweza kuumba ziada isiyokuwepo. Ya pili ni nzito zaidi kwangu, na inatoka kwa majirani wadogo.

Njia Nyeupe imezungukwa na vijigalaksi, kama mashua ndogo zilizotia nanga kando ya meli. Draco ni kimojawapo, Segue 1 kingine. Vina nyota chache mno, karibu havina gesi, havitarajiwi kuwa na pulsa nyingi, ila jinsi nyota zake zinavyokwenda inaonyesha vimejaa maada ya giza. Kwa mtu anayetafuta sauti ya chini, hivi ni vyumba vilivyotulia. Kama chembe zinaangamizana kwa kiwango ambacho ziada ya Totani inadai, vijigalaksi hivi vingepaswa kung'aa kwa gama kiasi cha Fermi kuviona. Imevitazama kwa miaka, na haijapata mng'ao wa kuaminika. Totani analijua hilo, naye anajibu kwamba hatujui vizuri jinsi maada ya giza ilivyopangika ndani ya vijigalaksi wala ndani ya galaksi yetu, na kwamba pengo hilo linaweza kupungua. Linaweza. Lakini mimi nikiulizwa leo nibashiri, chumba tulivu kisicho na sauti kinanizuia kushangilia.

Fermi haiko peke yake kazini. Kwenye nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zimesimama darubini tano za H.E.S.S., ambazo hunasa gama zenye nguvu kubwa zaidi zikiwa ardhini. Fotoni hizo zikigonga hewa juu kabisa huzua mvua ya chembe, na mvua hiyo hutoa mmweko wa buluu wa sehemu ndogo ajabu ya sekunde, usioonekana kwa macho. Vioo vikubwa huudaka huo mmweko usiku usio na mbalamwezi. Namibia inafaa kwa giza lake safi na kwa kuwa kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu na utosi wa anga lake. Baada ya zaidi ya saa 500 za kukitazama kitovu, H.E.S.S. haikupata ishara ya maada ya giza, na kutoona huko kumekwisha kuondoa dhana nyingi za chembe nzito mezani.

Kitakachoamua ni nini? Kuhusu ziada ya zamani, njia iliyonyooka ni kuzitafuta pulsa zenyewe, moja moja, kwa mawimbi ya redio. Hiyo ni kazi ya darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini na ya mtandao mkubwa wa darubini za redio wa SKA unaojengwa huko na Australia. Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini kama washirika katika mpango huo. Pulsa zikipatikana kwa wingi kitovuni, droo ya 2009 itakuwa imepata mwenyewe. Kuhusu ziada ya GeV 20, kwanza watu wengine wairudie hesabu kwa madaftari yao, waone kama inabaki. Kisha itafutwe kwenye vijigalaksi, na kwa darubini mpya za CTAO zinazojengwa Chile na kisiwa cha La Palma. Mng'ao uleule wenye kilele kilekile ukitokea kwenye Draco au jirani yake yeyote, basi vile vichwa vya habari vya Novemba vitakuwa vilitangulia tu wakati wake.

Nilimrudia mjomba kwa simu, nikamsimulia yote haya kwa kutumia droo yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hilo daftari analishika nani, na kama wengine wanaruhusiwa kulifungua. Nikamwambia liko wazi. Data za Fermi huwekwa hadharani kwenye intaneti. Goodenough na Hooper hawakuwa watu wa kikosi cha Fermi walipopata ile ziada ya kwanza, walizichukua tu kama mwingine yeyote. Mwanafunzi aliyeko Dodoma au Bujumbura, akiwa na kompyuta ya kawaida na mtandao, anaweza leo usiku kupakua fotoni zilezile alizozitumia Totani na kuanza kutoa.